TV bapa haioshwi, inapanguswa

Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo wiki yangu ya mavuno, na sioni fahari kusema hivyo. Mapazia yanafuliwa, makochi yanatolewa uani yapigwe jua, halafu mtu anaikumbuka TV. Siku mbili baadaye nimeinama kibandani kwangu hapa Tandika, naangalia inchi 43 yenye mistari ya wima, na mwenye mali anaapa: "Fundi, haikuanguka wala haikupigwa na umeme. Tumeifuta tu."

Namwamini. Huko kuifuta ndiko kulikoiua.

Zile TV za chogo zilikuwa na kioo cha kweli, kinene. Uliweza kukisugua kwa gazeti lililolowa kama dirisha na kisilalamike. Hizi bapa ni kitu kingine. Sisi mafundi tunasema "kioo kimekufa", lakini kwa TV nyingi unachokigusa kwa mbele ni utando wa plastiki uliobandikwa juu ya kioo chembamba, tena umepakwa dawa ya kupunguza mng'ao. Ukija kwenye ukingo, ndani ya fremu, kuna vijiwaya bapa kama utepe vilivyogandishwa pale. Hivyo ndivyo vinavyoipeleka picha, na kwa nyingi nilizofungua viko chini. Sasa mtu anapuliza maji moja kwa moja kwenye skrini. Maji hayamsubiri na kitambaa chake, yanateremka mpaka chini na kuzama ndani ya fremu. TV ikiwashwa, tone moja linatosha kuchoma kijiwaya. Na bei ya kubadilisha kioo mara nyingi inakaribia bei ya TV nyingine, kwa hiyo hata mimi nakushauri usikibadilishe.

Haya, tufute.

Zima, kisha chomoa ukutani. Ukizima kwa rimoti tu, umeme bado umo ndani. Iache kama dakika 15 ipoe, maana skrini yenye joto inakausha kitambaa njiani na kuacha michirizi. Halafu simama ubavuni na umulike skrini kwa tochi ya simu. Utashangaa. Kwangu kuna mstari mzima wa vidole vyenye mafuta ya chapati, wote kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu, na mahali pamoja alipombusu katuni.

Kitambaa kiwe kile laini cha kufutia miwani, au kaka yake mkubwa anayeuzwa Kariakoo kwa watu wa kung'arisha magari. Ukikosa, fulana kuukuu ya pamba isiyo na maandishi ya rangi itakusitiri. Tishu hapana, gazeti hapana, na lile tambara la kufutia meza ndiyo kabisa hapana. Mitaa yetu ni mchanga. Punje moja ikinaswa kwenye tambara, unachora skrini huku ukidhani unasafisha.

Anza kukavu. Toka juu kwenda chini, mkono mmoja ukiishikilia TV kwa nyuma isije ikakuangukia, mwingine ukipangusa kwa wepesi, kama unavyomfuta jasho mtoto aliyelala. Kama uliwahi kuifuta ikiwa imewaka ukaona picha zinabonyea chini ya kidole, ujue ulikuwa unakandamiza, na kukandamiza kunaacha madoa meupe yasiyotoka. Nyumba nyingi kazi inaishia hapa, wala huhitaji maji.

Mafuta, moshi wa udi, na ule ukungu wa chumvi unaowasumbua walio karibu na bahari kule Kigamboni ndiyo yanataka unyevu kidogo. Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, vitakuachia weupe kama wa kwenye birika. Chukua maji ya kunywa ya chupa, lowesha ncha ya kitambaa, kamua, kamua tena. Kibandike shavuni: ukihisi ubaridi bila ya kulowa, kiko sawa. Kwa mafuta magumu weka tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwenye glasi nzima, futa, rudia kwa unyevu wa maji matupu, malizia kwa kikavu.

Sasa nikiri langu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikwenda kwa mama mkwe Mbagala, nikaona doa la soda kwenye TV yake mpya. Nikataka sifa. Nikatoa spiriti kwenye begi la kazi, ile ninayosafishia bodi, nikasugua. Doa likatoka, pamoja na ile dawa ya juu. Pakabaki ukungu wa ukubwa wa kiganja, palepale panapotokea uso wa msoma taarifa ya habari. Mama hakusema neno. Ila mpaka leo akiniona na kitambaa ananiuliza kwa upole, "Baba, hayo ni maji tu?"

Kwa hiyo spiriti, tina ya kuzimulia rangi na dawa za madirisha zenye amonia ziache kabatini. Dawa ya meno pia, maana haiondoi mkwaruzo, inaongeza mingine midogo.

Nyuma kuna matundu ya kutolea joto. Brashi ya rangi ya inchi mbili, mpya na kavu, inatosha kuyapangusa. Usifungue mfuniko, maana ndani kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa. Mimi nikifungua nakutana na mende, na zaidi ya mara moja mjusi kafiri aliyekauka kama ukoko juu ya bodi ya umeme. Alifuata joto na wadudu, akaunganisha pasipotakiwa, wakafa wote wawili, yeye na TV. Na kile kitambaa kizuri cha kudarizi ulichofunika juu kiondoe kabla ya kuwasha, kinaziba pumzi. Kirudishe wakati wa kupuliza dawa ya mbu.

Rimoti: toa betri, futa, basi.

Subiri nusu saa ndipo uchomeke. Kama maji yameshaingia, usiianike juani, na tafadhali usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Ilete hivyohivyo ikiwa imezimwa, uniambie ukweli ulichomwagia. Hapo tunaweza kuzungumza.