Kupakia na kushusha mizigo ya bohari ya jeshi bila kuvunja mgongo

Mgongo wangu haukuumia vitani. Uliumia nikishusha madumu ya maji, alfajiri moja, baada ya kukaa kwenye lori usiku kucha. Tuliruka chini tukaanza kazi hapo hapo. Dumu la nne likanilaza wiki tatu. Nimesimamia bohari miaka mingi tangu hapo, na huu ndio utaratibu ninaoufuata kila shehena inapoingia.

Hatua ya 1: Jua uzito kabla ya kuita watu

Andika kilo kwa chaki ubavuni mwa kila aina ya mzigo. Dumu la chuma la lita 20 likijaa maji hukaribia kilo 25; la dizeli hupungua kilo tatu au nne hivi. Kombora la mzinga wa milimita 155 aina ya M107 lina kilo 43.

Sasa linganisha. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo, tena mzigo ukiwa umekukaribia kabisa, usawa wa kiuno, bila kujipinda. Ukiushika sentimita 50 kutoka vifundo vya miguu badala ya 25, kikomo kinashuka hadi kilo 11 na nusu. Ukigeuka robo mzunguko huku umeubeba, karibu theluthi nyingine inaondoka. Kwa hiyo askari anayenyoosha mikono kulivuta dumu lililo katikati ya lori amezidisha zaidi ya mara mbili, hata kama ana kifua cha simba.

Hatua ya 2: Panga bohari upya

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanaparuka wakakimbilia kuwafundisha vijana "piga goti, nyoosha mgongo". Kupiga goti ni vizuri, lakini mtu hawezi kupiga goti mara mia tatu kwa siku. Atainama tu. Afadhali mzigo umfuate.

Vizito viwe kati ya goti na kifua. Vyepesi juu. Visivyoguswa kwa miezi, chini. Paleti moja (jukwaa la mbao la kuwekea mizigo) sakafuni bado inamwinamisha mtu, kwa hiyo mimi huweka paleti mbili tatu tupu chini ya zile za magunia. Hazigharimu kitu, zipo nyuma ya kila bohari.

Hatua ya 3: Vunja mzigo au uupe magurudumu

Gunia la kilo 50 kwa watu wawili linaonekana rahisi, ila nguvu za wawili hazijumlishwi. Mwongozo wa Uingereza huhesabu theluthi mbili tu ya jumla yao. Omba mifuko ya kilo 25. Ikishindikana, toroli, nalo lisukumwe, lisivutwe.

Dumu la jeshi lina vishikio vitatu kwa sababu: wawili walibebe moja lililojaa, kila mtu akishika cha upande wake. Vitumieni.

Hatua ya 4: Mstari wa lori

Mmoja akae juu ya lori, kazi yake ni kusogeza mzigo hadi ukingoni tu. Wa chini apokee ukiwa umegusa kifua, ageuke kwa miguu, asigeuke kwa kiuno. Badilishaneni kila dakika 20. Kushuka ni kwa ngazi au kwa kushika bodi, asiruke mtu.

Lori likifika kutoka safari ndefu, watembee dakika kumi kwanza. Mtikisiko na kukaa huulegeza uti wa mgongo. Na asubuhi, mtu akitoka kulala, visahani laini vilivyo kati ya pingili zake vimejaa maji, hivyo kuinama huviumiza zaidi. Anzeni na vyepesi.

Mkanda wa kukaza kiuno wakati wa kubeba sigawi. Haujathibitika kumkinga mtu mwenye afya asiumie, na unampa ujasiri usio wake.

Hatua ya 5: Ondoa aibu ya kusema

Jeshini kulalamika mgongo kunaonekana uvivu, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu na mimi nilinyamaza. Sajenti aulize kila jioni, mmoja mmoja, aandike kwenye daftari. Mwenye maumivu ahamishiwe kuhesabu shehena siku kadhaa, siyo kulazwa kitandani. Kujongea taratibu humponya haraka zaidi.

Ila akisema mguu unakufa ganzi na kukosa nguvu, au ganzi iko mapajani kwa ndani na kuzunguka sehemu za siri, au ameshindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali usiku huo huo. Usisubiri paredi ya asubuhi.