Kuimba Gregoriani juu ya tanpura: kulinganisha modi na raga hatua kwa hatua

Mwanakwaya mmoja alisikiliza drupadi (uimbaji wa kale wa Kihindi) ya familia ya Dagar, akaniletea simu: "Mwalimu, hawa Wahindi mbona wanaimba kama wamonaki?" Majibu mengi ya swali hilo huishia kwenye "zote ni nyimbo za kiroho", basi. Sisi tuliamua kulijibu kwa kuimba Gregoriani, nyimbo za kale za Kilatini za Kanisa, juu ya mlio wa Kihindi. Kama unasoma solfa, simu na koo lako vinatosha.

Hatua ya 1: Wimbo

Chukua Salve Regina, lakini ule wa shangwe, unaoanza la-so-la-re. Ule mwepesi wa parokiani (do-mi-so-la-so) ulikuja karne nyingi baadaye na unasikika kama meja tu. Misa de Angelis nayo iache, hata kama unaipenda: Kyrie yake ni ya karne ya 15 au 16, na ukiitumia utakuwa unalinganisha raga (mfumo wa Kihindi wa noti na njia za kuzipita) na kitu kingine kabisa.

Hatua ya 2: Tanpura

Pakua programu yoyote ya tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi inayotoa mlio wa kudumu. Nyuzi nne: Pa, Sa, Sa, na Sa ya chini. Sa ndiyo noti ya msingi ya Wahindi, Pa ni ya tano juu yake. Chagua Sa inayokuruhusu kushuka noti chache chini yake na kufika Sa ya juu bila kukaza koo.

Kinanda kizime. Theluthi ndogo (kama re hadi fa) ya kinanda haikubaliani na upande wowote: wanadharia wa Zama za Kati waliipima kwa uwiano wa 32:27, chini kidogo ya kinanda, na tanpura itakuvuta kuelekea 6:5, juu yake kwa senti 16 hivi (senti 100 ni nusu-toni moja). Ukiimba huku kinanda kikikuongoza, hutasikia lolote kati ya hayo.

Ila usije ukamwambia mtu kwamba Gregoriani iliimbwa na tanpura. Mlio wa kudumu chini ya wimbo ni desturi ya Wagiriki, isoni yao. Kwa upande wa Roma, tanpura hapa ni chombo cha mazoezi tu. Cha karibu zaidi katika maandiko ya Magharibi ni kazi za Notre-Dame ya Paris mwishoni mwa karne ya 12, ambapo noti moja ya Gregoriani hurefushwa mno chini huku sauti za juu zikizunguka. Viderunt omnes ya mtunzi Pérotin, ya mwaka 1198, itakupa ladha.

Hatua ya 3: Hamisha Sa (usiiruke hii)

Wengi hupotea hapa. Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, alichukua ut, re, mi, fa, sol, la kutoka utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Wahindi wana sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Mtu akiyaona majina hayo yamepangana, anaweka do kuwa Sa na kuanza kuimba. Matokeo yake wimbo unakomea Re huku tanpura ikinguruma Sa, na kila mstari unabaki kama haujaisha. Mwanakwaya wangu alishindana na hilo jioni nzima, akaja kuniambia nyimbo hizi hazina undugu wowote.

Usianzie do. Anzia noti ambayo wimbo unamalizikia. Modi ni mpangilio wa noti ambao wimbo wa Gregoriani hufuata. Salve hii ni ya modi ya 1, na modi ya 1 humalizikia re, kwa hiyo re ndiyo Sa:

re = Sa
mi = Re
fa = Ga iliyoshushwa
so = Ma
la = Pa
ti = Dha
do = Ni iliyoshushwa

Ngazi hiyo, katika mpangilio wa ngazi kuu kumi wa mwanamuziki wa Kihindi Bhatkhande (1860–1936), inaitwa Kafi. Lakini modi ya 1 hupenda kushusha ti, hasa wimbo unapopanda noti moja tu juu ya la na kurudi. Ukiishusha hivyo, Dha nayo imeshuka, na umeingia Asavari. Kwa hiyo "modi ya 1 ni Kafi" si kweli. Wimbo mmoja unaweza kuzigusa zote mbili. Modi ya 3 (mi = Sa) inaangukia Bhairavi, ya 7 (so = Sa) Khamaj. Modi ya 5 ni Kalyan mradi ti isishushwe, na hushushwa mara nyingi.

Halafu kuna hili: ngazi si raga. Ngazi ni ghala la noti. Raga ina njia zake za kupita. Bhimpalasi iko chini ya Kafi, lakini ikipanda huruka Re na Dha, ikishuka huzipitia. Aliyekariri ngazi peke yake bado hajaimba raga.

Hatua ya 4: Noti ya kukalia

Modi ya 1 na ya 2 zote huishia re. Kinachozitenga ni eneo la sauti na noti ambayo zaburi husomewa: la kwa ya 1, fa kwa ya 2. Sasa sikiliza raga mbili, Bhupali na Deshkar. Noti ni tano zilezile, Sa Re Ga Pa Dha, lakini Bhupali huegemea Ga na ni ya jioni, Deshkar huegemea Dha na ni ya asubuhi. Kwangu mimi ufanano wenye uzito ni huu, kuliko moshi wa ubani na macho yaliyofumbwa. Imba la-so-la-re kama Pa-Ma-Pa-Sa, ukikaa kwenye Pa kabla ya kushuka.

Hatua ya 5: Aleluya na alapu

Vuta "a" ya mwisho ya Aleluya kwa pumzi ndefu, kisha sikiliza alapu ya drupadi, ile sehemu ya ufunguzi: haina mdundo, ina silabi tu kama ri, na, nom. Tofauti usiifiche: mmonaki anafuata mkondo uliokwisha kupangwa, Mhindi anaujenga palepale.

Ukizoea, nenda Pange lingua ya Alhamisi Kuu, modi ya 3. Mi iwe Sa, na uzi wa Pa ulegeze uwe Ma, maana wimbo huu hutulia zaidi kwenye la kuliko kwenye ti, na Pa itakupigia kelele muda wote.