Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kushuka Mto Missinaibi kwa Mtumbwi

Mto Missinaibi, ulio kaskazini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, hutoka katika ziwa lenye jina hilohilo, hukata msitu mnene wa misonobari na mibetula, kisha huungana na Mto Mattagami na kuwa Mto Moose, ambao humwaga maji yake katika Ghuba ya James. Barabara kuu namba 11 huuvuka mto huu katika kijiji cha Mattice. Kutoka hapo hadi mji wa Moosonee kuna zaidi ya kilomita 300 za maji bila barabara yoyote ya gari, na anayepanga safari hii hana budi kuanza na jambo hilo kabla hajafikiria mahema wala makafi. Kwa kila sehemu ya mto atakayoipitia, ajiulize swali moja akiwa bado nyumbani: tukikwama hapa, tutatokaje? Pale jibu linapokosekana, mpango haujakamilika.

Majira ndiyo huamua sura ya mto. Barafu huvunjika mwezi wa Aprili au Mei, na maji ya theluji iliyoyeyuka huufanya mto ujae na kwenda kasi, huku yakiwa baridi kiasi cha kumtoa mtu pumzi. Usubi huanza kuuma katikati ya Mei na huendelea kwa wingi hadi mwisho wa Juni, kisha mbu huchukua zamu. Vyandarua vya kichwani na nguo za mikono mirefu zenye kufunga vizuri kwenye vifundo ni vya lazima kwa wakati huo, maana mtu aliyeumwa mchana kutwa hupoteza subira, na mtu asiye na subira hafanyi uamuzi mzuri mbele ya maji makali. Kufikia Agosti wadudu hupungua na maji huwa na joto kidogo, lakini kina hushuka, na katika Mto Moose, ambao ni mpana na wenye mafungu ya changarawe, wasafiri huweza kulazimika kushuka na kuukokota mtumbwi kwa mwendo mrefu. Binafsi ningechagua nusu ya pili ya Julai, nikikubali mbu kiasi ili nisikose maji. Vyovyote iwavyo, kalenda peke yake haitoshi. Idara ya serikali ya Kanada inayopima mito hutoa takwimu za mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, na ni busara kuzifuatilia kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoka, ukizilinganisha na za miaka iliyopita kwa tarehe zilezile, ili ujue kama mto unapanda au unashuka.

Ramani zinastahili muda mrefu kuliko jambo jingine lolote katika matayarisho. Ramani za topografia za taifa zina kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Zinatosha kwa kujua mahali ulipo, ila hazikusudiwi kumwongoza mtu kwenye mikondo mikali. Chukua mfano wa ramani ambayo mistari yake ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, imeachana kwa mita 10: poromoko la mita 7 au 8 laweza kuangukia katikati ya mistari miwili na lisionekane kabisa. Kwa hiyo msafiri huchukua ramani hizo, akazijazia kwa kalamu maelezo kutoka kwenye miongozo ya wapiga makafi na kutoka kwa mamlaka ya hifadhi ya jimbo inayoulinda mto huu: kila mkondo mkali na daraja lake la ugumu katika kipimo cha kimataifa cha I (rahisi) hadi VI (hatari kabisa), kila njia ya kupitishia mtumbwi nchi kavu na ukingo iliko, wa kulia au wa kushoto kwa anayetazama mto unakoelekea.

Neno "ukingo" hapo si la kupuuzwa, na maporomoko ya Thunderhouse yanaeleza sababu. Hapo ndipo mto unapoliacha tabaka la miamba migumu ya Ngao ya Kanada na kushuka kuelekea nyanda za chini zilizo kando ya Ghuba ya Hudson. Maji huporomoka kwa ngazi hadi kwenye korongo ambalo hakuna awezaye kulipita kwa mtumbwi akatoka salama. Watu wamepoteza maisha hapo, na miongoni mwa yaliyolaumiwa ni ramani iliyoionyesha njia ya nchi kavu mahali pasipo sahihi, hivyo kwamba aliyeifuata kwa uaminifu aliendelea kuitafuta wakati mkondo ulikuwa umekwisha kumchukua. Kwa sababu hiyo mpango wa kupita Thunderhouse huandikwa hatua kwa hatua: alama za mwisho zitakazoonekana kabla ya kufika, umbali kutoka alama moja hadi nyingine, upande mtakaoukumbatia, na mahali mtakapoteremka kutazama kwa miguu hata kama kila kitu kinaonekana shwari. Kila mtumbwi uwe na nakala yake ya ramani ndani ya mfuko usiopenya maji, kwani mtumbwi unaoongoza ukipinduka na ramani ya pekee, waliobaki nyuma wamekuwa vipofu. Kifaa cha kuonyesha mahali ulipo kwa setilaiti (GPS) kinasaidia sana, lakini dira ya mkononi iwepo pia, pamoja na mtu anayejua kurekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli.

Njia za nchi kavu ndizo huharibu hesabu za siku. Iliyo Thunderhouse inazidi kilomita 1.5, na ile ya kulizunguka korongo la Hell's Gate, linalofuata, ni ndefu zaidi. Ikiwa mizigo yenu yahitaji kubebwa kwa awamu mbili, kila mtu huitembea njia mara tatu, yaani kwenda na mzigo, kurudi mtupu, na kwenda tena. Njia ya kilomita 1.5 imekuwa kilomita 4.5, tena kwenye matope, mizizi na miti iliyoanguka. Kundi linaloweza kupiga kilomita 30 kwa siku kwenye maji yanayotembea litajikuta limetumia siku nzima kusogea kidogo tu. Ni afadhali kupanga wastani wa kilomita 20 hadi 25, na kuacha siku moja tupu katika kila siku tano kwa ajili ya upepo, mvua au mtu kuumwa tumbo. Anayesafiri na tarehe ya kurudi kazini isiyosogezeka hushawishika kupita na mtumbwi mahali alipopaswa kuubeba.

Kuhusu watu, mitumbwi miwili ni kiwango cha chini, na mitatu ni bora, kwa kuwa mmoja ukipotea wenye mtumbwi huo watagawanywa kwenye iliyobaki. Uwezo wa kundi hupimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote. Wawili wanaopanda pamoja, wa omo (mbele) na wa tezi (nyuma), wawe wamefanya mazoezi pamoja kwenye mto wenye mikondo ya daraja la II walau mara kadhaa, wakiwa na mtumbwi uliopakiwa mzigo kamili, maana mtumbwi mtupu na uliojaa ni vyombo viwili tofauti. Wajue kuvuka mkondo kwa mshazari, kuingia kwenye maji tulivu yaliyo nyuma ya mwamba, na kuuteremsha mtumbwi kwa kamba kando ya ukingo. Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni nani atakuwa na kauli ya mwisho. Kubalianeni mapema kwamba mtu yeyote akisema mkondo huu tusiupite, mtumbwi wake unabebwa, na hakuna atakayemdhihaki jioni kwenye moto.

Mtumbwi wenyewe uwe wa futi 16 au 17, wa plastiki ngumu inayovumilia kugonga mawe, na wenye kina cha kutosha kuzuia mawimbi. Sheria za Kanada zinataka kila aliyemo awe na jaketi okozi linalomtosha, na chomboni kuwe na kamba ya kurushia inayoelea yenye urefu usiopungua mita 15, kifaa cha kutoa sauti kama filimbi, na upo wa kufulia maji. Jaketi livaliwe wakati wote, kwani jaketi lililowekwa chini ya kiti halimsaidii aliyekwisha tumbukia. Kila mtumbwi uwe na kafi la akiba lililofungwa mahali panapofikika, kamba za urefu wa mita kadhaa omo na tezi, na utepe mzito wa kuzibia nyufa. Mizigo ifungwe barabara: mtumbwi uliojaa maji hubeba mamia ya lita, kila lita ni kilo moja, na ukikwama ukiwa umekumbatia mwamba, nguvu ya mkondo itakayoubana haipingwi na mikono ya watu wanne. Aliyetumbukia akae upande wa mtumbwi yanakotoka maji, asije akabanwa kati yake na jiwe.

Baridi ya maji huua kabla ya umbali. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba alieneza kanuni ya 1-10-1: mtu aliyeangukia kwenye maji baridi sana ana takriban dakika 1 ya kuituliza pumzi yake, dakika 10 za kuweza kutumia mikono na miguu ipasavyo, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba uokoaji wote muhimu hufanyika ndani ya hizo dakika 10, hivyo mavazi ya kukinga mwili na maji baridi huvaliwa mwanzoni mwa msimu. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu za sufu au nyuzi bandia ambazo hazivaliwi kwa sababu nyingine yoyote, kwa kuwa pamba iliyolowa huuiba joto la mwili. Kiberiti kisicholowa kikae mfukoni mwa jaketi, kwani mtumbwi unaweza kwenda zake na mizigo yote.

Chakula kikavu cha gramu 700 hadi 900 kwa mtu kwa siku kinatosha wengi, pamoja na akiba ya siku mbili au tatu. Maji ya mto yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja au yachujwe, maana vijidudu vya giardia hupatikana hata kwenye maji yanayoonekana kama kioo. Dubu weusi wapo. Jiko na akiba viwe mbali na mahema, na vyakula vihifadhiwe kwenye mapipa yanayofungwa au vining'inizwe mtini. Wanaofika kwa ndege wakumbuke kwamba dawa ya kumpulizia dubu na mafuta ya jiko haviruhusiwi ndegeni, hivyo vinunuliwe baada ya kutua.

Moto wa msitu unahitaji uangalifu wa pekee. Msimu wake kisheria huko Ontario ni kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba, na mamlaka inaweza kutangaza eneo ambalo moto wa kuni umepigwa marufuku. Jiko la gesi linaloweza kuzimwa papo hapo lichukuliwe hata na wanaopenda kuni, na hali ya mioto iangaliwe siku ya kuondoka.

Simu ya kawaida haina mtandao katika sehemu kubwa ya mto. Kuna kitoa-ishara cha dharura cha 406 MHz, kinachosomwa na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, na kinachopaswa kuandikishwa kwa jina la mmiliki, na kuna vifaa vya setilaiti vinavyotuma na kupokea ujumbe. Cha kwanza kina betri ya kukaa miaka, ila husema jambo moja tu: njooni. Mimi ningebeba cha pili kwanza, kwa sababu matatizo mengi ya mtoni ni ya kuchelewa na ya kuulizia ushauri wa daktari.

Wasio wakazi wa Kanada huhitaji kibali cha kupiga kambi kwenye ardhi ya umma ya kaskazini mwa Ontario, na hifadhi ina vibali vyake. Mwisho wa safari nao una masharti. Moosonee haifikiki kwa barabara. Mtu hurudi kusini hadi mji wa Cochrane kwa treni iitwayo Polar Bear Express, ambayo hubeba mitumbwi, na ratiba yake ithibitishwe kabla ya kukata tiketi nyingine yoyote. Aliyechoka anaweza kutoka mapema pale reli inapouvuka Mto Moose. Anayeendelea hadi Moosonee atakutana na maji kujaa na kupwa karibu na mlango wa mto, pamoja na upepo wa ghuba unaoinua mawimbi mafupi makali. Sehemu hiyo ya mto hupitwa alfajiri, na hema hupandishwa juu ya alama ya maji yaliyojaa.

Nakala ya mpango wote iachwe kwa mtu mmoja makini: majina, rangi za mitumbwi, dawa anazotumia kila msafiri, kambi zilizokusudiwa, namba za kifaa cha setilaiti, na tarehe pamoja na saa ambayo, asipopata habari, atapiga simu kwa polisi wa jimbo, ambao ndio wenye dhamana ya kutafuta waliopotea. Saa hiyo iwekwe siku moja au mbili baada ya tarehe ya kufika, na wote waijue, ili aliyecheleweshwa na upepo asilazimike kuukimbiza mto kwa kuogopa kuwasumbua watu.