SOMO: Mtoto anayelia kila asubuhi hataki kwenda shule (wazazi wa Arusha na Moshi, someni mpaka mwisho)

Kila Januari swali ni lile lile: mtoto alikuwa mzima likizo yote kwa bibi Marangu, shule zikifunguliwa tu ni tumbo, kutapika, machozi getini. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Hospitali kwanza. Apimwe choo na mkojo, na malaria kama ana homa. Tumbo la wasiwasi huuma asubuhi za shule, Jumamosi halipo. Likimwamsha usiku, akipungua uzito au akitoa damu chooni, huo ni ugonjwa mwingine, shughulika nao kwanza.

2. Chunguza kama kuna kinachomtisha kweli. Fimbo, mkubwa anayemnyang'anya hela ya kula, mtu wa gari la shule anayemshikashika. Ukimuuliza "kwa nini hutaki shule?" atakujibu "sijui". Muulize kwa mpangilio wa siku: ukishuka kwenye gari unakwenda wapi? Chooni unakwenda na nani? Mapumziko unakaa wapi? Kipindi gani unatamani kiishe? Ukigundua jambo, limalizwe kwa mwalimu mkuu kabla ya hatua nyingine yoyote. Kama ni kushikwashikwa, nenda dawati la jinsia na watoto polisi au piga 116, ni bure. Hatua zinazofuata ni za hofu ambayo mbele yake hakuna hatari. Mtoto hazoeshwi hatari.

3. Kupumua. Kuvuta hewa kwa hesabu ya nne, kuitoa kwa hesabu ya sita, dakika tatu kila jioni akiwa ametulia. Getini huku analia si mahali pa kuanza kumfundisha.

4. Ngazi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo tulieni. Hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe mtoto akibaki palepale. Ukimwondoa ikiwa kileleni, anapata nafuu papo hapo, na mwili wake unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kesho atalia zaidi. Kwa hiyo gawanya safari ya shule vipande vidogo, kila kimoja akipe alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10, muanze na chenye 2 au 3. Mfano wa mtoto wa darasa la pili:

– kuvaa sare na kutembea mpaka getini saa kumi na moja jioni, shule tupu
– kuingia mpaka kwenye dawati lake, jioni hiyo hiyo au kesho yake
– asubuhi, anapokelewa na mwalimu mmoja aliyepangwa, anabaki mpaka chai ya saa nne
– mpaka chakula cha mchana
– siku nzima
– siku nzima, na asubuhi anapanda gari la shule

Kila kipande kirudiwe mpaka alama ishuke angalau nusu, ndipo mpande. Akishindwa, punguza kipande, usiache ngazi.

Onyo la kwanza: usimtoroke. Kuchomoka akigeuka kunamfundisha kukulinda kwa macho muda wote. Muage kwa sentensi moja, "Nitakuja saa nane, mwalimu yuko na wewe," ondoka, na hiyo saa nane uwepo kweli. Onyo la pili: usisimame dirishani kuchungulia. Akikuona, mmeanza upya. La tatu: siku aliyobaki nyumbani isiwe na katuni wala chipsi. Ni daftari na kazi za kawaida, bila kumgombeza.

5. Msifie alichofanya, siku hiyo hiyo: "Uliogopa na bado ulibaki mpaka saa nne."

6. Miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, saa mbili usiku awe kitandani.

MASWALI

Baba wa Sakina: Mkuu ndefu sana hii. Nitajie dawa tu, Piriton inamtuliza.
Jibu: Piriton ni ya mzio. Inamlaza, haiondoi hofu, na darasani atasinzia. Soma hatua ya 4.

Kijenge Juu: Zamani fimbo mbili tu na shule tulikwenda. Mnawadekeza.
Jibu: Ngazi inampeleka shule kila hatua, kudekeza ni kumwacha nyumbani. Ukimchapa kwa sababu anaogopa, anabaki na hofu mbili, na ya pili ni wewe.

Mama Pasua: Asante sana dada. Lakini kama ni hofu tu, tumbo linauma kweli au anaigiza?
Jibu: Linauma kweli, mama, na vizuri umeuliza. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli, tumbo linavurugika. Usimwambie "huumwi". Mwambie, "Tumbo linauma kwa sababu mwili umeogopa, litatulia, twende." Asubuhi mpe uji mwepesi kidogo, chai ya maziwa na chapati atavitapika.

Mama Pasua: Na usiku ananiuliza "mama, utakufa?" mara kumi.
Jibu: Jibu mara moja, kwa ukweli: "Mimi ni mzima, na ninajitunza." Akirudia: "Nimeshakujibu. Nilisemaje?" Kila jibu jipya linampa nafuu ya dakika chache, kisha anahitaji jingine. Tengeni dakika 15 saa kumi na mbili jioni za kusema au kuchora wasiwasi wake wote. Wa usiku uandikeni kwenye karatasi, usubiri kesho jioni.

Ngaramtoni: Sisi tunamwombea. Tuache?
Jibu: Msiache. Ombeni, na asubuhi mpandishe ngazi.

Kiboriloni: Tumefanya wiki sita, bado.
Jibu: Mpelekeni kliniki ya afya ya akili: KCMC au Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Akisema anataka kufa au akijiumiza, nendeni leo, msihesabu wiki.

Njiro Block C: Mwalimu wetu hataki hiyo ya kubaki mpaka saa nne.
Jibu: Usimweleze getini, ana watoto hamsini mbele yake. Omba dakika kumi baada ya vipindi, peleka ngazi imeandikwa na tarehe za kila kipande, aone kwamba nusu siku ina mwisho. Muombe mambo mawili tu: ampokee mwenyewe mlangoni, na ampe kazi mara anapoingia, kugawa madaftari au kufuta ubao.