Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Pikipiki katika Barabara za Mtwara na Lindi

Dereva wa pikipiki anayefanya kazi kati ya Mtwara mjini, Mikindani na Mingoyo hawezi kumaliza wiki bila kukoswakoswa. Bajaji iliyo mbele yake husimama ghafla kuchukua abiria, lori humsukumia upepo hadi ukingoni mwa lami, au mbuzi aliyekuwa akila majani kwa utulivu huamua kuvuka wakati huohuo. Mazungumzo ya kijiweni kuhusu matukio hayo huishia kwenye kumshukuru Mungu, jambo ambalo ni jema, lakini mara chache mtu huuliza ni kitu gani kingeweza kufanywa nyumbani, kabla funguo haijazungushwa. Maelezo yanayofuata yanahusu dakika hizo za kabla ya safari, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale tunayoyaita bahati mbaya huanzia hapo.

La kwanza ni kuijua njia pamoja na saa ya kuipita. Barabara ya Mtwara hadi Mingoyo, na ile inayoendelea Masasi, hubeba malori ya saruji kutoka kiwanda cha Dangote na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuelekea bandari ya Mtwara, na ifikapo Oktoba msimu wa korosho huongeza magari mengine yenye shehena nzito. Malori haya mara nyingi huongozana. Dereva wa pikipiki anayelipita la kwanza bila kuona mbele hujikuta kando ya la pili, huku basi likija kutoka upande wa pili, na nafasi ya kurudi nyuma haipo tena. Kabla ya kuondoka, basi, amua kwamba hutajiingiza kati ya malori mawili, na ujipe muda wa ziada wa kutosha ili uamuzi huo usikuume njiani. Anayetoka na dakika 20 mkononi kwa safari ya dakika 30 ameshaanza kuhatarisha maisha yake akiwa bado uani kwake.

Ukiwa nyuma ya gari, chagua alama barabarani, kwa mfano nguzo au kalavati. Gari likiipita, hesabu sekunde mbili kabla wewe hujaifikia, na kwenye mvua au ukiwa na abiria ongeza hadi nne. Kipimo hiki si cha wanafunzi peke yao. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mtu anayechelewa sekunde moja tu kushtuka amekwishatembea umbali huo kabla mkono haujagusa breki.

Breki zinastahili muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo uzembe ulipojificha zaidi. Wapo madereva wengi wanaoamini kwamba breki ya mbele huangusha, na wengine huilegeza makusudi na kubaki na ya mguu peke yake. Imani hiyo ina chembe ya ukweli penye mchanga au wakati usukani umekatwa, lakini kwenye lami kavu na pikipiki ikiwa imenyooka, sehemu kubwa ya uzito huhamia mbele unapofunga breki, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha chombo. Anayetegemea gurudumu la nyuma peke yake husota, tairi likajifunga, mkia ukaanza kuyumba, na umbali wa kusimama ukaongezeka mno. Kila asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, sukuma pikipiki kwa mkono hatua chache kisha ubane breki ya mbele: mwendo ukatike bila mkwaruzo wala kubembea. Rudia kwa breki ya mguu. Waya wa breki uliochanika nyuzi mbili tatu karibu na mkono wa breki haukatiki ukiwa umeegesha. Hukatika siku unapoubana kwa nguvu zako zote, kwa hiyo ukiuona, ubadilishe siku hiyohiyo. Kisha tafuta uwanja mtupu, ujizoeze kusimama kwa breki zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu, kwanza ukiwa peke yako, halafu ukiwa na mzigo, kwa maana pikipiki iliyobeba watu wawili husimama kwa tabia nyingine kabisa.

Kwa wanaopanda na kushuka Uwanda wa Makonde, hasa upande wa Newala, iko tabia moja ya kuachwa kabisa, nayo ni ya kushuka na fri, yaani gia ikiwa imetolewa, ili kubana mafuta. Mafuta yanayookolewa hayafikii bei ya sahani ya wali, ilhali breki peke yake hubeba uzito wote wa mteremko, hupata moto, na hupungua nguvu pale unapozihitaji zaidi. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, uache injini ikusaidie kushika mwendo.

Tairi, cheni na taa hukaguliwa kwa macho na vidole. Tairi lililobaki kipara katikati halina njia ya kutoa maji, na cheni iliyolegea kupita kiasi inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma. Taa ya breki ijaribiwe kwa breki zote mbili, kwani huenda inawaka kwa moja tu. Vioo vya pembeni virudishwe mahali pake. Kuving'oa kwa ajili ya mwonekano ni urembo ninaoshindwa kuuelewa.

Kofia ngumu iwe mbili, ya dereva na ya abiria, kama kanuni za usafirishaji wa pikipiki zinavyotaka. Mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69, lakini faida hiyo ni ya kofia iliyofungwa. Ijaribu hivi: ivae, funga mkanda wa kidevuni, kisha uisukume kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikivuka paji la uso, hiyo itakutangulia kufika chini. Iliyokwisha kupata kishindo kikubwa haifai tena hata kama ganda halijapasuka, kwa sababu povu la ndani limekwisha kubonyea. Abiria wengi hukataa kofia kwa sababu ya jasho la waliowatangulia, na hoja yao ina haki. Kitambaa safi cha kuvaa ndani, kinachofuliwa kila jioni, humaliza ubishi huo.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha kwetu ni kanga. Akina mama wengi hapa Kusini hukaa upande, na ncha ya kanga au ya ushungi huning'inia karibu na spoki na cheni. Kinachofuata hutokea kwa kufumba na kufumbua: nguo hushikwa, hujizungusha, na abiria huvutwa chini na nyuma, wakati mwingine akiwa na mtoto mgongoni. Kabla ya kuondoka, dereva ashuke, aangalie upande wa gurudumu, na amwombe mama kwa adabu akunje ncha zote na azikalie. "Samahani mama, naomba ukalie upindo wa kanga" ni maneno yasiyomvunjia mtu heshima yake. Kava ya cheni ambayo mafundi wengine huitoa kwa kuwa inapiga kelele ni kinga dhidi ya jambo hili hili. Ikazwe badala ya kutupwa. Mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, nao usikubaliwe hata kama wote watatu ni ndugu wa familia moja.

Mzigo mzito, kama gunia la korosho au tenga la samaki, ukikaa nyuma ya kitovu cha gurudumu la nyuma huinua uzito kutoka mbele, na usukani huwa mwepesi mno. Usogezwe mbele, ufungwe kwa mpira wa pande zote mbili, na uvutwe kwa mkono kabla ya safari kuona kama unacheza.

Mvua za kwetu huanza kwa kawaida mwezi Desemba, na manyunyu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, maana huchanganya vumbi na mafuta yaliyokauka juu ya lami. Penye michepuko ya vumbi mchanga hukokotwa hadi barabarani, na tairi huteleza juu yake kama juu ya mtama uliomwagwa sakafuni. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Aliyeishia kukuta pengo gizani angepaswa kuuliza hali ya njia kabla ya kutoka. Usiku usitarajie malori yaliyoharibika yawe na taa. Mara nyingi alama pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami mita chache nyuma ya gari, hivyo punguza mwendo unapoona majani mabichi mahali ambapo hakuna mti uliokatwa.

Leseni ya daraja A, bima na namba ya simu ya ndugu iliyoandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu iliyofungwa kwa nywila, vikae mfuko mmoja. Namba ya dharura ni 112.

Ukikoswakoswa, simama mahali salama, uache mikono iache kutetemeka, kisha uandike mahali na saa kwa maneno ambayo mwenzako atayaelewa: baada ya kalavati la pili, upande wa baharini, mchanga umevuka nusu ya lami. Kijiwe kikiwa na daftari la aina hiyo, mwenyekiti wake anaweza kulipeleka kwa TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, au kwa TARURA kwa barabara za wilaya, na dereva mgeni atakayepangiwa njia hiyo kesho yake atasomewa ukurasa wa mwisho kabla hajakabidhiwa funguo.