Fundi umeme Texas: njia ya kufikia leseni ya ukandarasi

Marekani haina leseni moja ya umeme kwa nchi nzima. Illinois na Pennsylvania hazina hata leseni ya jimbo ya fundi umeme. Miji ndiyo inayojipangia. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako aliye Chicago usiutumie Houston. Hapa naongelea Texas, ambako leseni hutolewa na idara ya jimbo iitwayo Texas Department of Licensing and Regulation, kwa kifupi TDLR.

Cheti chako cha VETA ya Tanzania au leseni yako ya EPRA ya Kenya inaonyesha kwamba kazi unaijua, na mwajiri makini ataithamini. Lakini haikupi ruhusa ya kufunga umeme Texas. Wengi wetu huanza na leseni ya mwanagenzi: ada dola 20, umri kuanzia miaka 16. Najua inauma kuitwa mwanagenzi wakati nyumbani ulikuwa na vijana chini yako. Ikate hata hivyo, na uikate kabla hujashika kazi.

Kuanzia hapo, mali yako kubwa ni saa za kazi. Ukifikisha saa 8,000 chini ya usimamizi wa fundi mkuu mwenye leseni, anayeitwa masta, unaweza kupata leseni ya ngazi ya kati, janimani. Mtihani wenyewe unaruhusiwa kuufanya ukiwa na 7,000. Leseni ya masta inataka saa 12,000 na uwe umeshika ya janimani kwa angalau miaka 2. Mtu wa saa 40 kwa wiki hufika 8,000 kwa takriban miaka 4.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Saa hizo huthibitishwa kwa fomu ya uzoefu, na anayeitia sahihi ni masta aliyekusimamia. Mabosi huhama jimbo, kampuni hufungwa, wengine hununa kwa sababu umewaacha. Ukiondoka kwa mwajiri yeyote, hata kwa ugomvi, ondoka na fomu iliyotiwa sahihi, yenye namba ya leseni ya masta huyo. Hifadhi pia hati za mishahara. Na anayekulipa taslimu bila kukuandika popote, hata kama ni mtu wa kwenu mnayesali naye, anakula miaka yako.

Mtihani hufanywa kitabu kikiwa wazi mbele yako. Kitabu ni NEC, kanuni za taifa za umeme, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Kinachowaangusha wengi ni kutojua kupekua haraka, kwa hiyo jizoeze kutafuta jedwali huku saa ikikimbia. Zoea pia vipimo vyao: waya haupimwi kwa milimita za mraba bali kwa namba, na namba ikipanda waya unazidi kuwa mwembamba. Namba 14 ni ya ampea 15, namba 12 ni ya ampea 20.

Rangi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Katika nyumba nyingi za zamani za kwetu, zilizofungwa kwa utaratibu wa Waingereza, waya mweusi ni nyutro. Marekani mweusi ni laivu, na nyutro ni mweupe. Mkono uliozoea miaka kumi ya Mombasa au Tanga unaweza kuushika mweusi bila kufikiri. Pima kila mara, hata kama unaona haya mbele ya wenzako.

Ukishakuwa masta, bado huna ruhusa ya kuchukua kazi za wateja kwa jina lako. Leseni ya masta ni ya mtu; ya ukandarasi ni ya biashara, na inaombwa peke yake. Biashara lazima iwe na masta wake, awe wewe au uliyemwajiri. Hii ina maana kwamba hata janimani mwenye mtaji anaweza kufungua kampuni akimwajiri masta. Lakini kukodi jina la masta asiyefika kazini ni kucheza na leseni zenu wote wawili.

Utahitaji bima ya dhima, ile inayolipa kazi yako ikimletea mtu hasara: angalau dola 300,000 kwa kila tukio na dola 600,000 kwa jumla. Tafuta bei za bima mapema, kwani ada ya leseni yenyewe, dola 110, ni ndogo mno ukilinganisha. Bima ya wafanyakazi Texas si lazima kwa mwajiri wa kawaida, ila lazima utamke kwamba umeamua kutoichukua. Mimi ningeichukua. Kijana akianguka kwenye ngazi, mchango wa kanisani hautalipa hospitali ya Marekani.

Leseni huhuishwa kila mwaka. Magari ya kazi lazima yaandikwe jina la kampuni na namba ya leseni pande zote mbili, herufi zisizopungua inchi 2, na ankara zako zimweleze mteja jinsi ya kuwafikia TDLR akiwa na malalamiko. Kabla hujaanza kazi yoyote, uliza mji husika kuhusu kibali na ukaguzi, hata kama kazi ni kuongeza soketi mbili kwa shangazi.