Somo: vile ndege huyumba hewani na vile hutulizwa (anza na karatasi)

Wadau, naishi Lang'ata, ndege za uwanja wa Wilson zinapita juu ya paa kutwa, na kijana wangu amekuwa akiniuliza mbona zingine zinachezesha mkia. Tulijaribu hivi.

Kwanza, kunja ndege ya karatasi ile ya shule na uirushe hivyo tu. Itainua pua, ikose spidi, ianguke.

Pili, weka klipu moja kwa pua, halafu inua ncha za nyuma za mabawa kidogo, kama upana wa ukucha. Sasa inajirudi yenyewe, pua ikipanda inashushwa, ikishuka inainuliwa.

Tatu, irushe kwa nguvu kuliko inavyotaka. Angalia vizuri hapa: inapanda, inachoka, inashuka ikiokota spidi, inapanda tena, mawimbi mawimbi hadi sakafuni. Mhandisi Lanchester wa Uingereza aliyaita fyugoidi mwaka wa 1908. Zidisha spidi ya mita kwa sekunde mara 0.45 upate sekunde za wimbi moja. Ya karatasi ni kama sekunde 2, jeti ya mita 250 kwa sekunde ni karibu dakika 2, kwa hivyo rubani anairekebisha polepole tu.

Shida ni dachi roli, mkia unaenda huku na huku na mabawa yanainama kwa zamu, kila sekunde chache, na ukiifukuza kwa mkono ukichelewa kidogo unaiongezea nguvu. Mwaka wa 1959 huko Marekani Boeing 707 ya mafunzo iliyumba hivyo hadi injini 3 kati ya 4 zikang'oka. Ndio maana jeti zinawekewa dampa: jairo (kifaa cha kupima mzunguko) inahisi mkia ukizunguka, kompyuta inasukuma usukani wa mkia upande wa pili. Ni kama matatu, springi inairudisha lakini bila shoki itadunda tu.

MASWALI

– Mwalimu, rubani akikata kona kweli si dampa itamzuia?
– Hapana, kuna filta, mzunguko wa polepole unaoendelea inauachilia, inashika ule wa ghafla pekee.

– Na dampa ikizima juu kabisa?
– Rubani anashuka, hewa ya chini ni nzito, inasaidia kutuliza.

– Kaka, yangu inapiga mbizi tu, nimeweka klipu tatu.
– Toa mbili.